Mada maalumu ya nyuzi za gitaa la umeme: tuchague nini, na tuzitunze vipi katika hewa ya Dar es Salaam

#1 Mleta mada (fundi magitaa, Ilala)

Wakuu, heshima kwenu. Nimefungua mada hii kwa sababu maswali ya wapiga gitaa wa hapa mjini kuhusu nyuzi huanzia karibu siku zote mahali pamoja, yaani kwenye unene: nifunge namba 9 au namba 10? Ni swali halali na nitalijibu, lakini kwa mtu anayepiga gitaa la umeme Dar es Salaam, awe kanisani Tabata, ukumbini Kinondoni au ufukweni Mbezi, kinachomaliza nyuzi haraka kuliko kitu kingine chochote ni kutu. Kwa hiyo naomba tuanze na madini, kisha unene, kisha ufungaji.

Pikapu ya gitaa ni sumaku iliyozungushiwa waya mwembamba wa shaba mara maelfu. Uzi wa chuma unapotikisika juu yake huvuruga uga wa sumaku, na mvurugo huo huzalisha umeme mdogo unaokwenda kwenye amplifaya. Ndiyo maana nyuzi za nailoni hazitoi sauti yoyote kwenye pikapu ya namna hii, na nyuzi za bronzi za gitaa kavu hutoa sauti isiyolingana: zile nyembamba, ambazo ni chuma tupu, husikika kwa nguvu, ilhali zile nene hunyong'onyea kwa kuwa ni kiini chake tu kinachoitikia sumaku. Mtu akikuuzia seti ya gitaa kavu na kukuambia kwamba nyuzi ni nyuzi tu, mrudishie.

Katika seti ya kawaida ya nyuzi sita, tatu nyembamba ni waya tupu wa chuma kigumu uliopakwa bati. Tatu nene zina kiini cha chuma kigumu kilichozungushiwa waya mwingine, na huo waya wa nje ndio unaozitofautisha seti dukani. Seti nyingi hutumia chuma kilichopakwa nikeli, chenye mng'ao wa kutosha na kisichokwaruza vidole. Nikeli halisi ina sauti tulivu na nzito kidogo, nayo ndiyo iliyotawala zamani kabla ya ile ya kupakwa kuenea. Chuma kisichoshika kutu kina sauti kali zaidi, hustahimili jasho vizuri, lakini ni kigumu kwa vidole na hula freti (vile vijiti vya chuma vinavyokatiza shingo) mapema. Kwa mpigaji ambaye jasho lake hugeuza nyuzi kuwa nyeusi katika onyesho moja, na watu wa namna hiyo wapo, mimi humshauri aina hii ya tatu, akijua kwamba siku moja atalipia freti.

Kuna pia nyuzi zilizofunikwa kwa utando mwembamba sana wa plastiki. Elixir, inayotengenezwa na kampuni ya Marekani ya W. L. Gore, ndiyo iliyozifanya zijulikane sana tangu miaka ya 1990, na leo watengenezaji wengi wana aina zao. Utando huzuia jasho na uchafu kuingia katikati ya mizunguko ya waya. Bei yake ni kubwa kuliko ya seti ya kawaida, na wapo wasiopenda utelezi wake, lakini hapa pwani hesabu yake ni tofauti na hesabu ya mtu wa Arusha au Mbeya. Chumvi iliyomo katika jasho na katika upepo wa bahari hupenya kwenye vitundu vidogo vya bati na nikeli, ikafika kwenye chuma, na unyevu wa usiku humalizia kazi. Ukipiga mara moja kwa wiki na gitaa likakaa muda mwingi bila kuguswa, seti yenye utando inaweza kukugharimu kidogo kuliko seti kadhaa za bei rahisi. Ukipiga kila usiku kwa nguvu, utando huo utachanika mahali piki (kibamba cha kupigia) inapogonga, na faida itakuwa ndogo.

Sasa unene. Namba zinazoandikwa kwenye pakiti ni elfu za inchi. Seti ya 10 kwa kawaida ni 10, 13, 17, 26, 36 na 46. Seti ya 9 ni 9, 11, 16, 24, 32 na 42. Uzi wa kwanza, yaani mwembamba kuliko zote, wa seti ya 10 una unene wa robo milimita hivi, kwa hiyo tofauti na ule wa 9 haionekani kwa macho, lakini mkono huihisi mara moja, kwa sababu mkazo hufuata mraba wa unene. Kwa sauti ileile na urefu uleule, uzi wa 9 una mkazo pungufu kwa asilimia 19 kuliko wa 10. Ukijumlisha seti nzima kwenye gitaa lenye vipimo vya Fender Stratocaster, ambako uzi una urefu wa inchi 25.5 kutoka nati (kizingiti chenye mifereji mwanzoni mwa shingo) hadi daraja (linaloshika nyuzi kwenye mwili wa gitaa), seti ya 10 huvuta shingo kwa takriban kilo 47 na seti ya 9 kwa takriban kilo 38.

Urefu huo nao una neno lake. Magitaa ya Gibson kama Les Paul hutumia inchi 24.75, na kwa nyuzi zilezile mkazo hupungua kwa karibu asilimia 6. Ndiyo maana mtu anayehama kutoka gitaa moja kwenda jingine hudhani amebadilishiwa nyuzi. Wengi hupiga 9 kwenye gitaa refu na 10 kwenye gitaa fupi, na mikono yao haioni tofauti kubwa.

Jambo la mwisho kabla sijawapa nafasi: bendi au kwaya yenu ikishusha magitaa kwa nusu toni ili mwimbaji asiumie koo, mkazo wa kila uzi hushuka kwa asilimia 11 hivi. Hapo seti ya 9 huanza kulegea na kugonga freti, na seti ya 10 huwa ndiyo ya kawaida yenu.

#2 Mpiga gitaa wa kwaya, Tabata

Mkuu, asante kwa somo. Swali langu ni fupi: nibadilishe nyuzi kila baada ya muda gani? Sisi hupiga ibada mbili Jumapili na mazoezi katikati ya wiki, na kamati haitoi fedha mpaka uzi ukatike.

#3 Mleta mada

Usihesabu siku, sikiliza na uguse. Pitisha kidole chini ya uzi wa kwanza na wa pili, upande unaoelekea freti. Ukihisi mikwaruzo, kutu imeanza, na uzi huo unasugua freti zako kila unapouvuta. Kwenye nyuzi nene tazama sehemu zilizo juu ya freti za mwanzo; ukiona vishimo, waya wa nje umebonyea, na hapo uzito wa uzi haulingani tena kutoka mwanzo hadi mwisho. Uzi wa namna hiyo hauwezi kutyuniwa ukakubali: ukiuweka sawa bila kuubonyeza, kwenye freti ya 12 utakuwa umepanda au umeshuka, hata kama daraja limepangwa vizuri. Hili iambieni kamati kwa lugha ya hesabu, kwamba kubadilisha freti ni kazi ya fundi ya siku nzima au zaidi, na gharama yake inazidi kwa mbali bei ya seti za nyuzi.

#4 Mpiga solo wa bendi ya dansi, Temeke

Vijana, nimesoma kwa makini, nami naomba kutofautiana kidogo. Sisi tuliokulia kwenye dansi tulipiga nyuzi mpaka zikatike, na hakuna mcheza dansi aliyewahi kuondoka ukumbini kwa sababu uzi wa solo ulikuwa wa zamani. Nyuzi zilikuwa adimu. Ukipata uzi wa kwanza pekee ulikuwa na bahati, na seti moja gitaani ingeweza kuwa na nyuzi za pakiti tatu tofauti. Pia naona mnasifu wembamba kupita kiasi. Uzi mnene una mwili. Mpigaji wa Marekani Stevie Ray Vaughan alijulikana kwa kupiga namba 13, na sauti yake hakuna asiyeiheshimu.

#5 Mleta mada

Shikamoo mzee wangu. Nimefurahi kwamba umeingia, kwa sababu hoja yako inagusa kitu ambacho mwongozo wa kigeni hauwezi kutusaidia.

Kuhusu Vaughan, ni kweli kwamba alifunga nyuzi nene sana, lakini pia alikuwa akishusha gitaa lake kwa nusu toni, jambo lililopunguza mkazo. Kwa upande wa pili yupo Billy Gibbons, mpiga gitaa wa bendi ya Marekani ya ZZ Top, ambaye amesimulia jinsi gwiji wa bluzi B.B. King alivyolishika gitaa lake na kumuuliza kwa nini anajitesa na nyuzi nene kiasi kile. Tangu hapo akahamia kwenye nyuzi nyembamba, na leo hupiga namba 7. Sauti yake nayo ni nene. Unene wa sauti hutokana na mkono, pikapu na amplifaya kwa kiasi kikubwa kuliko watu wanavyodhani.

Lakini muziki wetu wa dansi una haja yake ya pekee. Tangu enzi za bendi ya NUTA Jazz, iliyoanza mwaka 1964 na ambayo leo tunaijua kama Msondo Ngoma, hadi Mlimani Park iliyoanza mwaka 1978, magitaa hupishana: solo linasema, second solo linaitikia, ridhim inaziba katikati, na besi inazungumza lugha yake chini. Magitaa yote haya hutumia sauti safi isiyo na mkwaruzo wa distoshen, na mara nyingi yapo karibu karibu kwenye kimo kilekile cha sauti. Kinachomwezesha msikilizaji kulitambua solo la Said Mabera wa Msondo ndani ya msitu huo ni ule mng'ao wa juu wa kila noti inapoanza, na mng'ao ndio kitu cha kwanza kufa uzi unapochakaa. Mpiga muziki wa roki anaweza kuuficha uzi mfu nyuma ya distoshen. Mpiga sebene hana mahali pa kuuficha. Halafu sebene mara nyingi hupigwa juu ya freti ya 12, ambako kosa la tyuni linaloletwa na uzi uliochakaa husikika zaidi kuliko chini ya shingo.

Kwa hiyo, mzee, mlifanya maajabu kwa nyuzi zile kwa sababu mikono yenu ilikuwa inafidia. Siyo sababu ya kijana wa leo kuanza na mzigo huo. Kwa solo la dansi napendekeza seti ya 9 au ya 10 ya nikeli ya kupakwa, mpya kadiri mfuko unavyoruhusu. Kwa ridhim, ambayo inakata zaidi kuliko kuvuta, hata seti ya 11 haina ubaya, kwa kuwa uzi mnene haupandi sauti sana unapogongwa kwa nguvu.

#6 Mpiga solo wa bendi ya dansi, Temeke

Marahaba. Hoja ya freti ya 12 naikubali. Ya mikono kufidia naikubali zaidi.

#7 Mwanafunzi wa gitaa, Ubungo

Kaka fundi, mimi ni dada ninayejifunza, na nina gitaa la bei ya chini aina ya Stratocaster. Vidole vinauma hasa kwenye uzi wa kwanza na wa pili karibu na nati. Nilishauriwa nihamie namba 8. Pia Kariakoo nimekuta pakiti ya D'Addario kwa bei inayonipa shaka.

#8 Mleta mada

Dada, kabla ya kuhamia namba 8, pima nati. Bonyeza uzi kwenye freti ya 3, kisha utazame nafasi iliyobaki kati ya uzi huo na freti ya 1. Inatakiwa iwe ndogo sana, kiasi cha unene wa karatasi. Magitaa mengi ya bei ya chini hutoka kiwandani na mifereji ya nati isiyokatwa vya kutosha, kwa hiyo uzi hukaa juu na kidole hufanya kazi mara mbili. Namba 8 itapunguza maumivu lakini haitaondoa chanzo, na ukibonyeza kwa nguvu noti zitapanda. Fundi akikuchongea nati, seti ya 9 itakutosha kabisa.

Kuhusu pakiti, nyuzi bandia zenye majina makubwa zipo duniani kote, na D'Addario na Ernie Ball ni miongoni mwa zinazoigwa sana. Seti halisi ya D'Addario ya gitaa la umeme huja na nyuzi zote ndani ya mfuko mmoja uliozibwa usipitishe hewa, na vile vijipete vya mwisho wa uzi vina rangi: uzi wa kwanza ni fedha, wa pili zambarau, wa tatu kijani, wa nne mweusi, wa tano mwekundu, na wa sita rangi ya shaba njano. Ukikuta kila uzi una bahasha yake ya karatasi na vijipete vyote vina rangi moja, pakiti hiyo inasema uongo. Tazama pia maandishi: herufi zilizokosewa na rangi zilizofifia si ajali ya kiwanda kikubwa. Bado nasema hivi, seti ya jina lisilojulikana inayouzwa kwa uaminifu kama ya jina lisilojulikana ni bora kuliko ile ya bandia, kwa sababu mwenye kuiga jina hana anachokipoteza uzi wako ukikatika.

#9 Mpiga besi, Mbagala

Mkuu, sisi wa besi huchemsha nyuzi zetu zikafufuka. Kwa nini wa solo wasifanye hivyo? Na je, mafuta ya cherehani yanafaa kuzuia kutu?

#10 Mleta mada

Kuchemsha kunasaidia kwenye besi kwa sababu uzi wa besi ni mnene, una mizunguko mikubwa inayojaa mafuta ya ngozi na uchafu, na bei yake inauma. Maji ya moto hutoa uchafu huo, na sauti hurudi kwa muda mfupi. Vishimo vya freti havitoki kwa kuchemshwa. Kwa gitaa la solo nyuzi tatu ni waya tupu usio na mizunguko ya kusafisha. Utazilowesha tu na kuzikaribishia kutu, na kule kuzifungua na kuzifunga tena kwenye funguo za kutyunia huzichosha pale zilipokunjwa.

Mafuta ya cherehani ni mafuta mepesi ya madini, na baadhi ya bidhaa za kupaka nyuzi zinazouzwa madukani zimetengenezwa kwa mafuta ya jamii hiyo. Tone moja kwenye kitambaa, ukapangusa nyuzi tatu tupu, ukakausha kwa kitambaa kingine, halina madhara na huweka ngao nyembamba. Kwenye nyuzi nene usipake, kwa kuwa mafuta huingia katikati ya mizunguko na kukamata vumbi, na sauti hufa mapema zaidi. Spiriti iwe mbali na ubao wa shingo, hasa usiopakwa vanishi.

Lakini dawa ya kwanza ni kitambaa kikavu. Kipande cha kanga ya zamani ya pamba kikae ndani ya mfuko wa gitaa, na kila unapomaliza kupiga ukipitishe juu na chini ya kila uzi kabla jasho halijakauka. Osha mikono kabla ya kupiga, hasa ukitoka kula. Vile vifuko vidogo vya chembe vinavyokuja na viatu vipya usivitupe. Vitie ndani ya keshi ya gitaa inayofungika vizuri, hasa wakati wa masika. Gitaa linaloning'inizwa ukutani karibu na dirisha linaloelekea bahari litakula nyuzi hata kama halipigwi.

#11 Mpiga gitaa wa kwaya, Tabata

Nimefuata ushauri na kununua seti ya 10 badala ya 9 niliyokuwa nayo. Sasa daraja langu limenyanyuka nyuma, na gitaa halishiki tyuni.

#12 Mleta mada

Hilo ni daraja lenye springi mgongoni. Nyuzi huvuta upande mmoja, springi upande mwingine, nawe umeongeza kilo nane au tisa upande wa nyuzi. Fungua kifuniko cha nyuma, utaona skrubu mbili zinazoshika kibao cha springi. Zikaze kidogo kidogo, kwa kiasi sawa zote mbili, kisha tyuni upya nyuzi zote ndipo utazame, kwa sababu kila marekebisho hubadilisha tyuni yote. Endelea hivyo mpaka daraja lirudi mahali lilipokuwa. Siku nyingine ukibadilisha nyuzi za gitaa la namna hii, badilisha mmoja mmoja ili daraja lisianguke.

Kisha tazama shingo. Mkazo mkubwa unaweza kuipinda mbele kidogo, na chuma kilichomo ndani ya shingo hurekebishwa kwa robo mzunguko tu kwa mara moja. Mwisho linganisha sauti ya uzi ulioguswa juu ya freti ya 12 bila kubonyezwa na ile ya uzi uliobonyezwa hapohapo: ikiwa ya kubonyeza imepanda, rudisha nyuma kipande cha daraja kinachobeba uzi huo, ikiwa imeshuka, kisogeze mbele.

Kuhusu kushika tyuni, vuta kila uzi mpya polepole kwa vidole, tyuni, rudia mpaka uache kushuka. Mizunguko miwili au mitatu kwenye ufunguo inatosha kwa nyuzi nene, na mmoja au miwili zaidi kwa nyembamba, yote ikishuka chini kwa mpangilio. Uzi ukipiga kelele ya "tik" unapoutyuni, umenasa kwenye nati, hasa sasa ambapo umeweka wa unene mkubwa kuliko mfereji wake. Sugua ncha ya penseli ndani ya mfereji. Usipopona, mfereji upanuliwe.

#13 Mwanafunzi wa gitaa, Ubungo

Nati imechongwa na maumivu yamepungua sana. Limebaki moja: uzi wa kwanza hukatika kila mara mahali pamoja, kwenye daraja.

#14 Mleta mada

Uzi unaokatika kwenye ufunguo huwa umekunjwa vibaya, na unaokatika katikati huwa umegongwa na piki au freti yenye makali. Unaokatika darajani, tena mahali palepale, unakatwa na kijino cha chuma kwenye kipande unachokalia. Toa uzi, pitisha msasa laini sana uliokunjwa mara mbili pale unapopita, au chukua uzi mkuukuu ulio mnene na usugue kwa kwenda na kurudi mpaka kidole kisihisi kitu. Ukikatika tena, badilisha kipande hicho, lakini pima kwanza upana wake na umbali kati ya nyuzi, kwa sababu vipimo vya madaraja ya Fender ya Marekani na vya magitaa mengi ya bei ya chini kutoka Asia havilingani, na muuzaji atakupa kilichopo mezani.